Kuta Zilizokaa Matanga

Mume wangu alipaka ukuta wa sebule yetu rangi ya njano wiki ile ile tuliyokabidhiwa funguo, kabla hata hatujanunua kitanda. Fleti ilikuwa Riyadh, mtaa wa ndani nyuma ya maduka ya Al-Sulimaniyah, na kama fleti zote alizotutembeza dalali, ilikuwa imepakwa krimu kuanzia mlangoni hadi chooni. Mimi niliipenda vile vile ilivyokuwa. Mimi ni nesi. Maisha yangu ya kazi nimeyaishi kati ya shuka nyeupe na kuta nyeupe, na weupe kwangu ni usafi, ni mahali ambapo uchafu hauna pa kujificha. Yeye alisema krimu ni rangi ya watu wanaosubiri kuitwa kwenye dirisha la ofisi. Nikamwonya kwamba mwenye nyumba hatakubali. Akacheka, akachovya brashi.

Nieleze jinsi watu wetu wengi wanavyoishi huku, wale wenye mikataba kama sisi. Hawapambi. Masanduku yanakaa juu ya kabati yakiwa tayari, meza ni ya plastiki, pazia ni lile lililoachwa na mpangaji aliyetangulia. Kila kizuri kinachonunuliwa kinatiwa kwenye kontena kwenda nyumbani, kwenye ile nyumba inayojengwa Kiembesamaki au Mbagala au Nyali, na wenyewe wanakula kwenye sahani za karatasi. Siwacheki, mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mume wangu ndiye aliyekataa. Alikuwa Mpemba, mbishi kwa upole, na nilipomwambia tuhifadhi vitu kwa ajili ya nyumba ya baadaye alinijibu, "Baadaye nitakuwa mzee, macho hayaoni. N'nataka kuviangalia sasa."

Alikuwa msimamizi wa ghala huko Al-Sulay, ghala la vifaa vya ujenzi. Vigae vilivyobaki viwili vitatu katika katoni, ambavyo havitoshi kuuzwa, bosi wake alimruhusu avichukue. "Yalla, shiil," alikuwa akimwambia, beba. Akavibeba. Kila jioni aliingia na kigae mfukoni kama mtu aliyeleta peremende: cha buluu chenye nyota, cha kijani, chekundu cha udongo, kimoja kilichochorwa ndimu. Akavibandika jikoni nyuma ya jiko, hakuna kinachofanana na mwenzake, mpaka ukuta mzima ukajaa. Kisha ukaanza ukusanyaji wa vitu vingine. Mikeka ya ukili wa rangi kutoka kwao Pemba. Mito ya sufu nyekundu na nyeusi wanayofuma wanawake wa Kibedui. Kawa za Wasudani, zile kubwa zilizosukwa kwa rangi zote, ambazo hakufunikia chakula bali alizitundika ukutani. Sinia la shaba lililopondeka upande mmoja. Taa ya vioo vya zambarau. Sahani za maua, za aina ile ambayo bibi zetu waliitundika sebuleni na haikutumika kulia chakula hata siku ya Idi.

Nilimtania kwamba akiendelea hivyo wageni wataomba tikiti mlangoni. Lakini mwenzake katika kazi hii alikuwa binti yetu, na wawili hao walinishinda kura kila mara. Baba alimbeba begani tangu akiwa hajui kusema sawasawa, naye akanyoosha kidole: hapo, hapana, hapo. Aligonga msumari pale alipoelekezwa, hata kama ni mahali pa ajabu. Kuna sahani moja iliyokaa karibu kabisa na sakafu, kwa sababu siku hiyo mkuu wa kazi alikuwa ameketi chini.

Mume wangu alianguka ghalani, mchana, saa za jua kali. Moyo. Nilikuwa zamu, nikaitwa kwenye simu ya wodi, na kwa jinsi aliyenipigia alivyonisalimu mara mbili nilijua. Tulimzika Riyadh. Binti yangu alikuwa na miaka minane, na hakulia mbele za watu.

Wanawake walikuja kabla sijafika nyumbani. Watanzania wenzangu, wake za marafiki zake, na Wakenya wa hospitalini, mmoja wao rafiki yangu wa wodi moja, Mkristo kutoka Nakuru, mwanamke mwenye mikono yenye nguvu na moyo mkubwa. Walifanya kama inavyofanywa nyumbani. Walitoa makochi ili watu wapate pa kukaa. Walifunika kioo kwa kanga. Walishusha kawa, sahani, sinia, taa, wakakunja mikeka ya rangi, wakashusha mapazia. Kila kitu walikifunga kwa magazeti na kukipanga katika katoni kwenye chumba kidogo cha nyuma. Ukuta wa njano, kwa kuwa hauwezi kushushwa, waliufunika kwa shuka nyeupe zilizobandikwa kwa utepe wa gundi, toka juu hadi chini. "Wewe kaa tu, sister," rafiki yangu aliniambia akinikalisha. "Leave everything to us." Nikakaa. Sitasahau wema wao, na ninaandika haya bila kumlaumu hata mmoja.

Baada ya hitima kila mtu alirudi alikotoka, wengine kwenye zamu, wengine kwa makafili, waajiri wao, wasiojua kungoja. Fleti ikabaki nyeupe.

Nikaingia eda. Mjane hajipambi, havai rangi za kung'aa, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura, na dharura yangu ilikuwa kazi, kwa kuwa ikama ya mtoto, kibali chake cha kuishi nchini, sasa ilikuwa chini ya yangu. Nilikwenda hospitali kwenye kuta nyeupe na kurudi nyumbani kwenye kuta nyeupe. Sitasema uongo, nilipata nafuu. Hapakuwa na kitu chochote kilichonitazama. Niliweza kuvuka sebule nzima bila kukutana naye.

Binti yangu ndiye aliyehama. Kwanza vitabu vyake, kisha sahani yake, kisha mto wake mdogo. Vyote viliishia jikoni. Alifanya kazi za shule sakafuni karibu na jiko, akala hapo, na mara nyingine nilimkuta amelala hapo mchana, mgongo wake umeegemea vigae. Nilimkataza kwa sababu ya mafuta ya moto. Ilinichukua muda mrefu mno kutambua kwamba vigae ndivyo pekee ambavyo wanawake walishindwa kuvishusha.

Mama yangu alipiga simu kutoka Unguja kila Ijumaa. Ijumaa moja, nimeiweka simu kwenye spika huku nakunja nguo za kazi, akaniuliza, "Matanga mmeshaanua?"

"Bado, mama."

Binti yangu alisikia kutoka jikoni. Akainuka, akachukua kikapu cha nguo, akatoka kwenda roshanini. Akarudi na kikapu kitupu, uso umekunjamana. "Mama, hakuna kitu kwenye kamba."

Mama yangu alikuwa wa kwanza kucheka, kule kwenye simu, cheko lililomtoka bila ruhusa. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mpaka nikaketi. Mtoto wa watu kakulia Riyadh. Kwake kuanua ni kuingiza nguo zilizokauka. Nikamweleza kwamba mtu akifa, nyumba yake inakaa matanga. Watu wanalala kwenye mikeka, vitu vinatolewa, hakuna shamrashamra. Kisha inafika siku wakubwa wa ukoo wanakusanyika, wanasoma, wanakula pamoja, na wanayaanua. Vitu vinarudishwa mahali pake, na wenye nyumba wanaambiwa waishi.

"Na huku nani anaanua?" akauliza.

"Wakubwa."

"Wakubwa gani?"

Mama yangu kwenye simu akaguna. Nami nikawatafuta hao wakubwa kichwani mwangu, Riyadh nzima, na sikumpata mtu. Yule mwenye ukoo huku alikuwa mmoja tu, na ndiye tuliyemzika.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi ya mume wangu, wa Jeddah. Aliolewa na Mhijazi akiwa msichana, mume akafariki, hakujaliwa mtoto, akabaki Al-Baghdadiyah akishona nguo za harusi. Mume wangu alimpenda kama mama. Nilimpigia, naye akaja kutuona kwa ndege likizo kubwa ilipoanza, ingawa magoti yanamsumbua. Alisimama mbele ya zile shuka ukutani, akashika ncha ya moja, akaiachia. "Ukitoka eda," alisema, kisha akaenda kukaa na mtoto jikoni. Alipoondoka, binti yangu aliomba kwenda naye. Niliridhia. Nilidhani ni kwa likizo tu.

Eda ilipoisha nilioga, nikavaa nguo ya rangi ya zabibu iliyoniona mgeni, nikapanda ndege kwenda Jeddah kumchukua mwanangu.

Sebule ya shangazi sikuwa nimeiingia kwa miaka, na nilikuwa nimeisahau, au tuseme sikuwahi kuitazama. Ukuta mmoja ni wa buluu kali. Mapazia ameyaunga kwa mabaki ya vitambaa vya maharusi, kipande cha waridi kando ya kipande cha dhahabu kando ya kijani, mishono yote wazi. Juu ya kochi ametundika ubavu wa dirisha la mbao la kizamani, lile lenye nakshi ambalo Wahijazi wanaliita roshani, akalipaka kijani, na kwenye matundu yake amechomeka vishada vya nyuzi za cherehani. Birika haziko jikoni, zimepangwa dirishani, za buluu, za njano, moja haina mkono. Chini kuna zulia la Uajemi limechakaa katikati, na pale lilipochakaa ametandika mkeka wa Pemba. Hakuna kitu kilichofanana na kingine, na hakuna kilichogombana. Nilisimama mlangoni nisiingie, kwa sababu nilimwona mume wangu kila mahali. Ndipo nikajua alikojifunzia.

Na katikati ya hayo yote alikuwapo binti yangu, amekaa kwenye mto, anashona kitambaa kwa mkono, amenenepa kidogo. Aliniamkia vizuri, akanikumbatia. Nilipomwambia akusanye vitu vyake, aliendelea kushona.

"Sirudi, mama."

"Unasema nini?"

"Kwetu ni kama kazini kwako. Mgonjwa ameondoka, shuka zimebaki."

Hakusema kwa jeuri. Ningependa angesema kwa jeuri, ningejua la kufanya. Nilimtazama shangazi, nikitaraji amkemee, naye akakwepa macho yangu.

Tuliyazungumza mimi na yeye jikoni, mtoto akiwa bafuni. "Mwache, mwanangu," alisema. "Skuli zipo Jeddah. Sikunyang'anyi, n'nakupumzisha."

"Shangazi, huyu ni mtoto wangu."

"Najua. Na baba yake alikuwa mtoto wa kaka yangu. Mimi n'na nani tena?"

Nilikasirika, na hasira yangu nikiishika huwa siiachii upesi. Nilimwambia kwamba kama ana uchungu na mtoto, basi aje Riyadh, yeye ndiye mkubwa wa ukoo, atuanulie matanga. Alifuta mikono kwa kanga yake polepole. "N'kija mimi nitaigeuza nyumba yenu iwe yangu. Sijui kufanya vyengine. Halafu huyo mtoto atakuwa na kwangu mara mbili, na kwao hana."

Asubuhi nilitoa simu nikaanza kupiga picha sebule yake, kona kwa kona. Shangazi akanikuta. Akaniuliza picha za nini, nikamjibu kwa ukali kwamba nikafanye hivi hivi, si ndivyo anavyotaka mtoto. Shangazi akaketi chini ya ule ukuta wa buluu. Akaniambia kwamba rangi ile mumewe aliinunua kwa makosa. Alitumwa nyeupe, akadanganywa dukani na kopo lenye karatasi isiyo yake, akaona haya kurudi. Waligombana, kisha wakaipaka pamoja. Tangu afe amepaka nyumba nzima mara kadhaa lakini ule ukuta anaununulia buluu ile ile. "Wewe mtu akikuuliza mbona buluu, utamwambia nini?"

Tukakubaliana hivi: mtoto abaki mpaka karibu na kufunguliwa kwa shule. Ikifika hapo bado hataki, ataandikishwa Jeddah, nami nitakuwa nakuja nikipata mapumziko. Nilisema ndiyo kwa mdomo. Ndani yangu niliona ninampoteza wa pili, na huyu yu hai.

Nilirudi Riyadh peke yangu. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda dukani Al-Sulimaniyah, kwenye duka kubwa la mapambo, nikawaonyesha picha za shangazi. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniuzia mito yenye rangi sita zilizopangwa na wataalamu, zulia linalolingana nayo, na fremu zenye michoro ya majani. Nilipanga kila kitu mbele ya zile shuka nyeupe, nikapiga picha, nikamtumia binti yangu. Sauti yake ikarudi muda si muda: "Mama, hiyo ni duka."

Niliangalia tena. Kweli ilikuwa duka. Nilirudisha vyote siku iliyofuata, na muuzaji, Mungu ambariki, hakuniuliza sababu.

Rafiki yangu wa Nakuru alikuja Ijumaa baada ya zamu, kunisabahi. Aliingia, akatazama shuka zile alizozibandika kwa mikono yake, akashangaa mpaka akaweka mkoba chini. "Ghai! Kwani hii kitu iko hivi mpaka leo?"

"Nani angeitoa?"

"Si mngesema! Mimi nilidhani ni dini yenu, ati inakaa hivyo mwaka mzima. Sikutaka ku-interfere."

Nikawapigia na wale Watanzania wawili waliopanga katoni. Mmoja, wa Tanga, alidhani kwa Wazanzibari jambo hilo ni la upande wa mume tu, akaogopa kuingilia. Wa pili, Mzanzibari mwenzangu, alidhani mimi mwenyewe nimetaka hivyo, kwa kuwa kila mtu alijua mume wangu ndiye aliyependa rangi na mimi nazivumilia. Kila mmoja alikaa pembeni kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyotuacha ndani ya matanga miezi yote ile. Tukacheka mimi na rafiki yangu, cheko chungu, kisha akavua saa, akakunja mikono ya shati, akauliza katoni ziko wapi.

Tulipoivuta shuka ya kwanza gundi iliondoka na rangi. Ukuta wa njano ukabaki na michirizi mirefu ya krimu, toka darini hadi chini, kila mahali palipokuwa na gundi. Rafiki yangu alishika mdomo. Mimi nilihisi kama nimeuona mwili wa mume wangu wakati unaoshwa, na niliingia chumbani nikalia kwa sauti, na yeye akaniacha nilie.

Kisha tukafungua katoni. Misumari yote ilikuwa bado ukutani, lakini sikujua kipi kinakaa wapi. Nilishika kawa, nikaipeleka huku, nikaipeleka kule. Nimeishi na vitu hivyo miaka yote ile, nimevifuta vumbi, na sikuweza kuvirudisha. Rafiki yangu akasema, "Si umuulize fundi?" Ilinichukua muda kuelewa anamsema nani.

Nikampigia binti yangu simu ya picha. Nikamwonyesha kawa kubwa. Sikumweleza chochote. "Hii iende wapi?"

Nikaona uso wake ukisogea karibu na kioo. "Umetoa shuka?"

"Nimetoa."

"Hiyo juu ya mlango. Hapana, kushoto. Mama, kushoto kwako si kwangu!"

Tukaendelea. Mimi juu ya stuli, rafiki yangu ameshika simu, na mtoto Jeddah akiamrisha kama baba yake alivyomzoesha, na kila nilipokosea alikasirika, na kila alipokasirika nilifurahi. Sahani ya chini nilipoifikia akaelekeza tu kidole chini. Niliipigia magoti. Tulipofika kwenye sinia la shaba niliinuka kulirudisha mwenyewe, kwa kuwa hilo nilikumbuka; lilikaa juu ya kiti chake, nyuma ya kichwa chake, kila siku.

"Siyo hapo," akasema.

"Lilikuwa hapa, mwanangu."

"Najua. Liweke juu ya meza ya kulia. Hapo ni pa baba, paache wazi."

Rafiki yangu aligeuza uso. Nililitundika juu ya meza. Kisha binti yangu akauona ukuta, michirizi ile, kwa kuwa simu ilipita juu yake. Nilianza kujitetea, nikamwambia nitatafuta njano ile ile, nitampa fundi rangi apake upya mpaka asijue. Akanikatiza. "Usipake. Usiguse. N'nakuja kuona."

Shangazi alikubali, lakini alimpakia begi dogo tu. "Anakwenda kuangalia," aliniambia uwanja wa ndege wa Jeddah nilipokwenda kumchukua mtoto, macho yake yakiwa mbali. Nguo nyingine zote, sare ya shule aliyokwishamshonea, viatu, vilibaki Al-Baghdadiyah. Sikubishana. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Binti yangu aliingia nyumbani bila kukimbia. Alipita chumba kwa chumba, mikono nyuma, kama mkaguzi. Alisimama chini ya mahali pale palipoachwa wazi juu ya kiti cha baba yake, na alisimama hapo muda mrefu, nami nikajishughulisha na chai. Alilia hapo, kilio kidogo, cha kwanza nilichokiona. Sikumwambia anyamaze. Nilikwenda nikakaa sakafuni karibu naye, tukalia wawili, na hakuna aliyemficha mwenzake.

Baadaye alipeleka kidole kwenye mchirizi mmoja ukutani, akaufuata kutoka juu alipofika hadi chini. "Huu ni wa krimu yako," akasema.

"Ndiyo. Ilikuwapo chini muda wote."

"Baba alikasirika ulipotaka krimu?"

"Hapana. Alicheka."

Alifikiri. Kisha akaniambia kwamba hataki njano juu yake, wala hataki ibaki hivyo. Alitaka rangi ya machungwa, kwenye michirizi tu. Nilimuuliza mbona machungwa. Akanitazama kana kwamba swali lenyewe ni la ajabu. "Kwa sababu tumeichagua mimi na wewe leo."

Mimi nilikuwa sijachagua kitu. Lakini nilikwenda naye dukani, na pale mbele ya makopo aligeuka akaningoja, kweli akaningoja, mpaka nikaelewa kwamba ni lazima nami ninyooshe kidole. Palikuwa na rangi tatu za machungwa. Nikaonyesha ile ya katikati. Akaikubali.

Tulipaka siku mbili. Mistari yetu haikunyooka. Sebule sasa ina ukuta wa njano wenye michirizi ya machungwa, na kila mgeni anauliza, na nina la kumjibu. Sikuwahi kudhani nitakuja kupenda kitu chenye kelele namna ile. Naupenda.

Siku ya pili alasiri, brashi zikiwa bado kwenye maji, aliomba simu yangu akampigia shangazi. Nilikuwa nafuta sakafu, na sikuacha kufuta.

"Bibi," alisema, "niletee nguo zangu. Zote. Na sare usiilete, huku ni nyengine."

Simu ilikuwa kwenye spika. Nilimsikia shangazi akivuta pumzi, na kwa jinsi alivyoivuta nilijua ameketi chini. Kisha akamuuliza mjukuu wake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anataka azikunje vizuri au azitie tu hivyo hivyo kwenye sanduku.